Kadi Tano za Bi Doris

Siku mliyoniaga kazini mlinikatia keki, mkanipa kadi ya maua yenye saini za watu ambao nusu yao sijawahi kuwaona, na menija akasema maneno mazuri huku akiangalia simu yake. Nikavaa koti, nikafika mlangoni, nikasimama. Francine wa Bukavu akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikasema hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri kelele. Hazikuja, na si kosa lenu, maana hakuna aliyewahi kukuambieni. Basi nimekaa mezani kwangu hapa Edmonton, kaskazini mwa London, kuyaandika kwa Kiswahili, kama mlivyoniomba wakati wa chai, ingawa binti yangu ananiuliza kwa Kiingereza nani atayasoma.

Vyeo sitavitaja, vilikuwa vidogo. Mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika London na mume wangu mwaka uliofuata Mapinduzi, tukitokea Unguja na masanduku mawili, moja likiwa la nguo zisizofaa kwa baridi. Kazi niliipata kwenye kiwanda cha chapa kilichokuwa karibu na mfereji, ambacho sasa ni ghala la magodoro. Kilichapa lebo na kalenda, lakini riziki yake hasa ilikuwa kadi ndogo za picha zilizotiwa ndani ya pakiti za chai ili watoto wazikusanye: ndege, magari, bendera. Zamani, kabla ya vita vya Hitla, kadi kama hizo zilitiwa kwenye sigara. Chai ilirithi.

Wiki yangu ya kwanza sikuwa nimejua hata choo kiliko. Adhuhuri moja, bila onyo, sauti ikaanza upande wa mashine kubwa: chuma juu ya chuma, kisha vyuma vingi, kisha jengo zima. Sikufikiri. Nilijikuta chini ya meza, mikono kichwani, kama tulivyojifunza Unguja ile Januari. Chini ya meza hiyo hiyo, upande wa pili, alikuwamo Mhindi mmoja aliyevaa aproni ya ngozi. Nikasema, "Yarabi salama." Akanijibu kwa Kiswahili cha Mjini kabisa, "Usitoke bado, bibi."

Ndivyo nilivyojuana na Bwana Pratap, mkataji wa gilotini, ile mashine ya kisu cha kukatia karatasi.

Aliyetuinamia kututazama alikuwa Bi Doris, msimamizi wa meza yetu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda tangu siku hiyo. Alitueleza kwamba mzee mmoja wa mashine amemaliza miaka yake, na hivi ndivyo wachapaji wanavyomtoa mwenzao: kila mtu anashika alichonacho, spana au rula au nyundo, anagonga chuma mpaka anayeondoka atoke nje ya mlango. Nilimuuliza maana yake nini. Akasema, "Ukigongewa, ujue watu wamekubali kwamba ulikuwepo."

Bwana Pratap alizaliwa Darajani, dukani kwa baba yake. Walitoka Unguja kwa haraka kiasi kwamba vikombe vya chai vilibaki kwenye kaunta, viwili vimejaa. Alinisimulia habari hiyo mara moja tu, lakini nilimwona akiiishi kila jioni, kwa sababu hakuweza kuondoka kiwandani na kitu chochote ambacho hakijamalizika kwenye meza yake. Wakataji wengine waliacha kazi ya kesho ikiwa imepangwa tayari. Yeye alikata mpaka meza ikawa tupu, akaifuta kwa kitambaa, ndipo akavua aproni na kwenda kupanda basi la kwao Kingsbury. Menija alimsifu kwa bidii. Mimi nilijua si bidii.

Alikuwa anakuja na flaski ya chai ya maziwa na tangawizi aliyopika mkewe, na vikombe vitatu. Saa ya mapumziko tulikaa watatu, yeye, mimi na Bi Doris, kwenye meza iliyo kando ya gilotini, chini ya dirisha, kwenye mwanga mzuri. Mwanzoni Bi Doris alisema chai ile inamchoma koo. Baada ya miezi michache alikuwa analalamika ikipungua tangawizi.

Bi Doris ndiye aliyenifundisha kazi. Nyinyi leo mnabonyeza, mashine inachapa, inakata na kuhesabu yenyewe, kwa hiyo acheni nieleze. Kadi hazikuchapwa moja moja. Zilipangwa pamoja kwenye karatasi moja kubwa, safu kwa safu, kama biskuti kwenye trei. Rangi zilipita moja baada ya nyingine, karatasi ikikauka kila mara, na ikisogea hata unywele mmoja basi midomo ya ndege inatoka nje ya vichwa vyao. Kisha gilotini ilizikata, kwanza vipande virefu, halafu kadi moja moja. Kila kadi ikapata rundo lake, nasi wanawake wa mezani tukapita kwenye marundo tukiokota na kuzichanganya, ili duka moja lisipate pakiti zote zenye chiriku. Kazi hiyo tuliiita kukusanya. Inachosha mgongo, na vidole vinakauka mpaka vinapasuka.

Mwaka mmoja tulichapa ndege, na watoto wa mtaa wetu wakalalamika kwamba kozi, yule ndege mwindaji, haonekani. Waliamini kampuni inamficha ili wazazi wao wanunue chai zaidi. Nami niliamini. Bi Doris akanipeleka kwenye karatasi ambayo haijakatwa, akaniambia nimtafute kozi mwenyewe. Alikuwa kwenye pembe, pale vidole vya chuma vya mashine vinapoishika karatasi kuivuta. Pembe ilikunjika, rangi zikasogea, na makozi wengi wakaishia kwenye pipa la taka. Ndege wengine, kwa sababu idadi ya seti haikulingana na nafasi za karatasi, walichapwa mara mbili kwenye karatasi moja. Watu wanadhani kadi ni adimu kwa sababu ya aliye kwenye picha, alisema Bi Doris. Mara nyingi ni kwa sababu ya mahali alipokaa.

Nikamuuliza hayo aliyajuaje, maana yeye alianza kazi akiwa binti mdogo, akitia kadi kwenye sigara, na hakuna aliyewafundisha mabinti wa sigara upangaji. Akasema aliyajua kwa baba yake. Ijumaa iliyofuata akaja na kitu alichokibana katikati ya mbao mbili nyembamba, kimefungwa utepe.

Kilikuwa kipande kimoja kirefu cha kadi tano ambazo hazijakatwa, zimeshikana bega kwa bega. Wanaume watano wenye kofia na mashati ya kola, nyuma yao rangi ya machungwa, na bluu, na kijani cha majani mabichi. Wachezaji wa besiboli, mchezo wa Waamerika. Baba yake, akiwa kijana, alivuka kwenda New York akafanya kazi kwenye nyumba ya chapa iliyotengeneza kadi za sigara. Wakati huo walichapa kwa mawe. Mchoraji alimchora kila mchezaji mara moja, kisha baba yake Bi Doris alitoa nakala za michoro hiyo kwenye karatasi maalumu na kuzilaza juu ya jiwe kubwa, moja kando ya nyingine, mpaka jiwe likajaa. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Mwisho kabisa karatasi iligeuzwa, nyuma ikachapwa jina la sigara, na wachezaji wale wale waliweza kutoka leo na sigara hii, kesho na ile.

Kwa hiyo ni yeye aliyekuwa akiamua nani akae na nani. Alikuwa akimwambia bintiye kwamba wanaume wa timu zilizochukiana, wasiosalimiana uwanjani, yeye aliwalaza ubavu kwa ubavu na hakuna aliyelalamika.

Bi Doris alikigeuza kipande kile. Nyuma, juu ya maandishi, palikuwa na mkwaruzo mwembamba wa wino uliopita kimshazari kutoka kadi ya kwanza mpaka ya tano. Jiwe lilikuwa na ufa, akasema. Alinieleza kwamba watu wanaokusanya kadi hizo hawana hata karatasi moja nzima ya kuwaonyesha nani alikaa na nani. Wanahangaika na kadi zilizokatwa vibaya, zenye ukingo wa jirani, na mikwaruzo kama ule, wakijaribu kuwarudisha watu mahali pao. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Hakuwa na picha yake hata moja. Alikuwa na kipande kile.

Nasimulia polepole kwa sababu sitaki kufika mbele.

Tulikuwa mezani pale kwa Bwana Pratap, kando ya gilotini, kwa ajili ya mwanga. Mchana wakaja kumwita Bi Doris kwenye simu ya ofisini: dada yake ameanguka ngazini, yuko hospitali. Alitoka na koti mkononi, akaacha kila kitu, kipande kikiwa nje ya mbao zake. Mimi nilikuwa nimetumwa ghala la chini kutafuta maboksi. Bwana Pratap hakuwepo tulipokuwa tukiangalia, alikuwa akipeleka vipande vya taka uani. Na mwezi ule, kama bahati mbaya inavyojua kujipanga, tulikuwa tunachapa seti ya wanamichezo wa kale, iliyochorwa kizamani makusudi. Bwana Pratap akarudi saa ya kufunga, Ijumaa, akaona kwenye meza yake kipande kimoja cha wanamichezo ambacho hakijakatwa.

Nilipopanda na maboksi alikuwa amesimama, mikono yake imelala juu ya meza.

"Bi Zuhura, njoo," akasema. "Nimekata kitu."

Kadi tano zilikuwa mbele yake, zimepangwa sawa. Niliweka maboksi chini.

"Nilidhani ni masalio ya ile job ya wanamichezo," akasema. "Mimi siwezi kuacha kitu mezani, unanijua. Kisu kiliposhuka ndiyo nikajua. Karatasi mpya hailii vile. Nimekata sawasawa kabisa, Bi Zuhura, juu ya mstari, sijala hata unywele. Usimwambie wewe. Nitamwambia mwenyewe."

Na Jumatatu alimwambia mwenyewe, kabla hajavaa aproni. Bi Doris alizigeuza kadi moja moja, akazirudisha. Uso wake haukubadilika, na hilo ndilo lililotutisha. Akasema, "Umekata vizuri, Mr Pratap. Baba yangu aliona kadi nyingi zikienda kwenye kisu. Hiki ndicho kipande alichomnyima mkataji."

Kisha akaniangalia mimi, akasema, "Zikusanye, Zuhura. Kukusanya ndiyo kazi yako." Nikazikusanya, nikazitia kwenye kopo la chai, na hakuziulizia tena.

Saa ya mapumziko siku hiyo alikaa kantini na flaski yake mwenyewe. Kesho yake pia. Hakumtukana Bwana Pratap, hakumshitaki, alimpa salamu kila asubuhi kwa jina lake kamili. Lakini chai yake hakuinywa tena. Bwana Pratap aliendelea kuja na vikombe vitatu. Tuliketi wawili, kikombe cha tatu kikiwa kikavu katikati yetu, na mimi nilikuwa nakunywa haraka ili niondoke. Tulikaa hivyo miaka kadhaa, na leo nikikumbuka naona uchungu kuliko mambo mengi makubwa yaliyonipata.

Alijaribu kuziunga. Aliniomba kopo, akakaa nalo wiki nzima, akanunua gundi ya ngano na karatasi nyembamba ya Kijapani wanayotumia watengenezaji wa vitabu. Alinionyesha kadi mbili amezishikanisha bila gundi, na kweli, kwa mbali usingejua. Akaenda kumwomba ruhusa. Bi Doris akamwambia zitakuwa kadi zilizoungwa, naye alikuwa na kadi zisizokatwa. Akarudisha kopo kwangu, na gundi akaimwaga.

Ikafika siku ya Bi Doris kustaafu. Asubuhi Bwana Pratap alinijia meza ya kukusanyia, amenyoa, amevaa tai chini ya aproni.

"Leo unafikiri nigonge?" akaniuliza.

Nikamwambia agonge, kila mtu anagonga.

"Kila mtu hakukata kile kipande," akasema.

Saa ilipofika Bi Doris alivaa koti lake la kijivu, akafunga kitambaa kichwani, akatoka mezani kwake. Vyuma vikaanza. Wenye mashine kubwa walipiga mpaka madirisha yakatetemeka. Mimi nilikuwa na rula ya chuma, nikaipiga kwenye mguu wa meza mpaka mkono ukafa ganzi, nikilia wazi bila kuficha. Alipita taratibu, akitikisa kichwa kwa kila mmoja. Gilotini ilikuwa ya mwisho, karibu na mlango. Akafika pale, akasimama.

Bwana Pratap alikuwa wima nyuma ya meza yake tupu, spana iko karibu na mkono wake wa kulia. Bi Doris aliitazama spana. Akamtazama yeye. Kelele ziliendelea nyuma yake, wengine hawakujua lolote, na yeye alisimama kitambo ambacho mtu hasimami bure. Bwana Pratap akainamisha macho. Mkono haukusogea. Bi Doris akakaza fundo la kitambaa chake, akatoka.

Nilimuuliza Bwana Pratap jioni kwa nini hakugonga. Akasema, "Alisimama ili nione nilichofanya. Ningegonga vipi mbele ya macho yale?"

Nilikwenda kumtembelea Bi Doris kwake siku za baridi. Alinipa chai isiyo na tangawizi, na biskuti. Tulizungumza habari za dada yake, za bei ya makaa, za binti yangu aliyeanza shule. Nilipoinuka kuondoka akashika mkono wa kiti chake, akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa, "Nilisimama nimsubiri, Zuhura. Hata kunigongea alishindwa?"

Sikuwahi kupanda basi kwa haraka kama siku hiyo. Kesho yake nilimwambia Bwana Pratap neno kwa neno. Akakaa. Akaniomba nirudie, nikarudia. Tukapanga kwenda pamoja Jumapili, na akasema atanunua halua na vitafunio vya kukaanga vya Kigujarati kwenye lile duka la Kingsbury Road, na mkewe atapika chai, tangawizi nyingi. Ijumaa simu ikaja kiwandani. Bi Doris alikuwa ameanguka jikoni kwake, jirani akamkuta asubuhi. Bwana Pratap alikata karatasi mpaka saa ya kufunga, akaifuta meza, akaenda nyumbani. Jumapili mkewe alinipigia kuniuliza kama najua kwa nini amekaa tangu asubuhi na flaski mapajani.

Yaliyofuata mnayajua au mnaweza kuyakisia. Kampuni za chai ziliacha kadi, kiwanda kikafungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Siku ya kufunga hakuna aliyegonga, kwa sababu hapakuwa na wa kubaki. Mimi nikaja kwenu, kwenye kompyuta na vumbi la tona, ule wino wa unga. Bwana Pratap alikuwa amezeeka, wanawe wakamwambia akae nyumbani. Tulipigiana simu sikukuu za Idi na Diwali. Hakumtaja Bi Doris hata mara moja, nami sikumtaja.

Mwaka jana bintiye alinipigia. Akasema kwa Kiingereza kwamba baba yuko hospitali, kwamba siku hizi anasema Kiswahili tu na hakuna nyumbani anayemwelewa vizuri, na kwamba anaulizia kopo.

Nilikwenda mchana wa siku ya jua. Alikuwa amebaki mdogo kitandani, lakini mikono ilikuwa ile ile, mipana. Nikamsogezea ile meza ya magurudumu wanayowalishia wagonjwa, nikafungua kopo. Hakuzitazama nyuso za wachezaji. Alizigeuza zote, migongo juu, akainama karibu sana, akaanza kuutafuta mkwaruzo. Nilitaka kumsaidia, lakini nilijua nisimsaidie. Akaipata ya kwanza, ukingoni kwake mstari ulipotokea. Akaipata inayoupokea mstari. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza, mstari ulipita kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na akazibana kwa kucha pande mbili, kama alivyokuwa akilinganisha karatasi kabla ya kisu, mpaka hapakubaki mwanya.

"Bi Zuhura," akasema, "kaisha vaa koti?"

Nilielewa. Nikamwambia amevaa, na kitambaa amefunga, anakuja.

Akanyoosha mkono akachukua kijiko cha uji, akaanza kugonga chuma cha kitanda. Pole pole kwanza, kisha kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Nikashika kikombe cha bati cha jirani, nikagonga na mimi. Nesi akaja mbio akauliza kuna nini, tuache, wagonjwa wamelala. Bwana Pratap hakumtazama, macho yake yalikuwa mlangoni. Nikamwambia nesi kuna mwenzetu anatoka kazini, atuvumilie kidogo tu, hajafika mlangoni bado.